Hojaji, Kikao na Kiti cha Abiria: Tathmini ya Njia Tatu za Kuwauliza Wahudumu wa Majumbani

Nimeuguza wagonjwa majumbani hapa Massachusetts, Marekani, kwa miaka tisa, nikizunguka kati ya Lowell, Lawrence na miji midogo iliyo mpakani na New Hampshire, na tangu mwaka juzi nimo katika kamati ya ubora ya kampuni inayoniajiri. Kazi niliyokabidhiwa katika kamati hiyo ni kuwauliza wenzangu kama vifaa tunavyowapa kwa ajili ya kuboresha huduma vinawasaidia kweli wanapokuwa mbele ya mgonjwa, au vinawaongezea makaratasi tu. Nimejaribu njia tatu za kuuliza: hojaji fupi zinazopatikana bure, kikao cha ana kwa ana, na kufuatana na mhudumu siku nzima ndani ya gari lake. Tathmini hii ni ya njia hizo tatu. Naiandika kwa Kiswahili kwa kuwa katika Lowell na Worcester ukibisha hodi kwenye ofisi nyingi za huduma hii huchelewi kumkuta Mkenya, Mganda, Mtanzania au Mkongo mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, na baadhi ya ndugu hao sasa wamepanda ngazi, wao ndio wanaoambiwa na wakubwa wao, "Nenda ukakusanye maoni ya wafanyakazi," bila kuelezwa namna.

Niseme kwanza ni vifaa gani ninavyovizungumzia, maana neno hilo humpeleka mtu kwenye sindano na mashine. Ipo kadi ya rangi tatu anayopewa mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika: kijani ni kuendelea kama kawaida, njano ni kumpigia muuguzi simu siku hiyohiyo, nyekundu ni kupiga 911, namba ya dharura, bila kungoja. Alama kubwa ya njano ni uzito, kwa sababu ukiongezeka pauni 2 hadi 3 kwa siku moja, au pauni 5 kwa wiki, mara nyingi ni maji yanayokusanyika mwilini, na mgonjwa anatakiwa kuhudumiwa kabla hajaanza kukosa pumzi usiku. Ipo MAHC-10, fomu ya kupima hatari ya kuanguka iliyotungwa na muungano wa watoa huduma za majumbani wa Missouri, yenye mambo kumi, kila jambo alama moja, na anayefikisha alama 4 huhesabiwa kuwa yumo hatarini. Ipo SBAR, mpangilio wa kueleza hali, historia, tathmini na pendekezo, unaomwongoza muuguzi anapompigia daktari simu. Ulianzia katika jeshi la majini la Marekani, kisha ukaingizwa katika tiba na watu wa Kaiser Permanente, shirika la hospitali na bima. Na juu ya vyote ipo OASIS, tathmini ndefu ya mgonjwa inayotakiwa na serikali tangu 1999, ambayo toleo lake la E lilianza kutumika Januari 2023.

Msukumo wa kuvitumia vifaa hivi hautoki kwa muuguzi. Tangu Januari 2018 CMS, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia Medicare (bima ya serikali hasa kwa wazee) na Medicaid (ya wenye kipato kidogo), inaitaka kila kampuni iliyosajiliwa iwe na mpango wa kudumu wa kuboresha ubora, wenye takwimu na miradi inayoonekana. Massachusetts ilikuwa pia miongoni mwa majimbo tisa ambako, kuanzia 2016, malipo ya Medicare yalifungamanishwa na matokeo ya huduma. Mwaka 2023 utaratibu huo ukaenea nchi nzima, na tangu 2025 malipo ya kampuni yanaweza kupanda au kushuka kwa hadi asilimia 5. Mgonjwa naye huulizwa kwa hojaji ya kitaifa iitwayo HHCAHPS. Anayesahauliwa ni mfanyakazi. AHRQ, shirika la serikali linaloshughulikia ubora wa huduma za afya, lina hojaji za utamaduni wa usalama zinazojazwa na wafanyakazi wa hospitali, tangu 2004, kisha likaongeza za nyumba za kutunzia wazee, za kliniki, za maduka ya dawa na za vituo vya upasuaji wa siku moja. Sisi tunaofanya kazi sebuleni na vyumbani mwa watu hatumo katika orodha hiyo, na kwa hiyo kila kampuni hujishonea nguo yake yenyewe.

Nguo yetu ya kwanza ilishonwa vibaya. Ilikuwa hojaji ya maswali 34, ikatumwa kwa barua pepe ya ofisi katikati ya Desemba, wakati ambapo barabara zina barafu na nusu ya wauguzi wanakimbizana na tathmini za siku 60, ambazo sharti zifanyike katika siku tano za mwisho za kipindi hicho, wala hazisogezwi kwa sababu ya Krismasi. Wasaidizi, yaani wale wanaowaogesha wagonjwa, kuwavisha na kuwalisha, hupokea ratiba zao kwa ujumbe wa simu, na barua pepe ya ofisi hawaifungui. Hakuna hata mmoja wao aliyejibu. Hao ndio wanaokaa na mgonjwa saa nyingi kuliko sisi sote. Hojaji iliahidi kwamba majina hayatajulikana, lakini swali la pili liliuliza kazi ya mtu na la tatu likauliza eneo lake. Katika eneo la kaskazini tulikuwa na mtaalamu mmoja tu wa matamshi na umezaji. Alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama ni lazima ajibu, na hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumemwandikia jina lake kwenye karatasi kabla hajashika kalamu.

Baada ya hapo kamati ilikubali tuache kutunga maswali yetu na tutumie vipimo vilivyokwisha kupimwa na wengine. Nilianza na SUS, kipimo cha wepesi wa kutumia kitu, kilichotungwa mwaka 1986 na John Brooke alipokuwa katika kampuni ya kompyuta ya Digital huko Uingereza. Kina kauli kumi, kila moja hujibiwa kwa kuchagua namba kutoka 1 hadi 5, na mtu humaliza kwa dakika mbili au tatu. Kauli za namba witiri husifu na za namba shufwa hukosoa. Katika zile za sifa unatoa 1 kwenye jibu, katika zile za kukosoa unatoa jibu kwenye 5, kisha jumla yote unaizidisha kwa 2.5 upate alama kati ya 0 na 100. Alama hiyo si asilimia, na jambo hili nimelazimika kulieleza mara kadhaa mbele ya wakubwa, kwa kuwa wastani unaotajwa sana ni 68, na mtu aliyezoea alama za shule akiona 68 hudhani kifaa kimeponea chupuchupu.

Kwa vifaa vya kwenye tabuleti SUS ni nzuri sana, nami naipendekeza bila kusita. Tuliitumia kulinganisha fomu ya MAHC-10 ilivyokuwa kabla na baada ya kuhamishwa kutoka ukurasa wa tisa wa tathmini hadi ukurasa wa kwanza, na tofauti ilionekana wazi. Lakini ina mitego miwili ambayo msimamizi anapaswa kuijua. Mtego wa kwanza unatokana na zile kauli za kupishana: mhudumu aliyechoka akizungushia 5 toka juu hadi chini hupata alama 50 kamili, aliyezungushia 1 zote hupata 50 hiyohiyo, na aliyezungushia 3 zote vilevile. Kwa hiyo usisome alama peke yake. Zichukue karatasi zenyewe, uzitazame moja moja, na hizo zenye mstari ulionyooka uziweke kando, ukamwulize mwenyewe kwa mdomo.

Mtego wa pili unatuhusu sisi hasa. Kauli ya nane katika toleo la asili ina neno la Kiingereza "cumbersome". Mwaka 2006 mtafiti Kraig Finstad alichapisha makala iliyoonyesha kwamba watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hukwama penye neno hilo, na tangu hapo wengi wamelibadilisha kwa "awkward". Mimi niliyasoma hayo baadaye, baada ya kuyaona kwa macho. Dada mmoja wa Kisii, msaidizi ambaye amefanya kazi hii kuliko mimi na ambaye wagonjwa humwulizia kwa jina akichukua likizo, aliweka kidole juu ya kauli hiyo akaniuliza, "Dada, hapa wanauliza kama ni nzito kubeba?" Tulikuwa tunatathmini kadi ya rangi tatu. Alikuwa amejibu 1, kwa sababu kadi si nzito. Niliiondoa karatasi yake mkononi nikaomba msamaha, kwa maana kosa halikuwa lake hata kidogo. Na tangu siku hiyo sigawi hojaji yoyote kabla ya kuwaomba watu wawili waisome kwa sauti na kunieleza kila kauli kwa maneno yao.

Vipimo vingine nilivyovijaribu ni vile vitatu vifupi vilivyochapishwa mwaka 2017 na Bryan Weiner na wenzake, vinavyojulikana kwa vifupisho AIM, IAM na FIM. Cha kwanza huuliza kama wahudumu wanakikubali kifaa, cha pili kama kinafaa kwa mahali pao, cha tatu kama kinawezekana kutumika. Kila kimoja kina kauli nne tu. Uzuri wake ni kwamba vinatenganisha mambo ambayo msimamizi hupenda kuyachanganya: mtu anaweza kukipenda kifaa kwa moyo wote na bado asiwe na nafasi ya kukitumia katika ziara ya dakika 45. Kwa fomu ya SBAR tulipata jibu la namna hiyohiyo, kukubalika juu na kuwezekana chini, na jibu hilo lilituokoa, maana tulikuwa karibu kuandaa mafunzo mengine ya kuwashawishi watu waliokwisha kushawishika.

Udhaifu wake ni kwamba kauli zake nne zinakaribiana mno kwa maana. Katika Kiingereza zile nne za IAM hutumia maneno manne yanayotofautiana kidogo, lakini nilipokaa kuzitafsiri kwa Kiswahili zote nne zilikuwa zinadondokea "inafaa". Unaweza kuandika "inafaa", "inastahili", "inahusika" na "inalingana", lakini msaidizi aliyesimama tangu alfajiri akiulizwa jambo moja mara nne huona kama anajaribiwa ukweli wake, na mmoja aliniambia hivyo waziwazi: "Kwani jibu langu la kwanza hamkuliamini?" Kwa wauguzi na wataalamu waliosoma kwa Kiingereza navipa nyota nne kati ya tano. Kwa kundi lenye lugha nyingi kama letu, ambalo lina Wakambodia, Wadominika, Wabrazili na sisi wa Afrika Mashariki, navipa mbili, mpaka vitafsiriwe kwa uangalifu.

Hata hivyo, hojaji zote hizi, nzuri na mbaya, zina mpaka mmoja. Zinakuambia kwamba kuna tatizo, na pengine ukubwa wake. Haziwezi kukuambia ni tatizo gani ikiwa wewe mwenyewe hukulifikiria wakati wa kuandika maswali. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika kazi hii sisi wa kamati ndio tusiolala kitandani. Kadi ya rangi tatu ilipata alama nzuri katika SUS. Kila mtu aliiona nyepesi, wazi na yenye kueleweka. Wakati huohuo baadhi ya wagonjwa wetu wa moyo waliendelea kurudishwa hospitali wakiwa wamejaa maji, ilhali daftari zao za uzito zilionyesha kijani juma zima.

Jibu lilipatikana kwenye kikao. Ijumaa ndiyo siku wasaidizi wanapopita ofisini kuchukua glavu, aproni na sabuni, basi tuliomba wanane wabaki dakika 40, wakilipwa kama wako kazini, na hilo la malipo ni sharti wala si hisani. Msimamizi wao tulimwomba asiwepo. Palikuwa na chai ya maziwa na mandazi. Swali lilikuwa moja tu: "Niambie mara ya mwisho ulipoitumia kadi hii ilikuwaje." Sikuuliza kama kadi ni nzuri, kwa kuwa mtu mwenye heshima zake akiulizwa kama zawadi uliyompa ni nzuri hawezi kukujibu vinginevyo.

Yule dada wa Kisii ndiye aliyeanza. Alisema kwamba mizani ya mgonjwa wake mmoja iko chumbani, juu ya zulia nene, na kwamba siku moja, alipokuwa akilifyonza vumbi zulia hilo, aliihamishia mizani jikoni kwenye sakafu ya vigae, mzee akapanda hapo, na uzito ukaongezeka pauni kadhaa kwa dakika tano. "Mimi nilidhani mizani imeharibika," alisema, "nikairudisha kwenye zulia, ikarudi pale pale pa jana, nikaandika ya jana." Wote tukanyamaza. Kisha mwingine akasema wake hujishika kwenye sinki anapopimwa kwa kuogopa kuanguka. Wa tatu akasema wake hupimwa baada ya kiamshakinywa siku ambazo yeye msaidizi anachelewa, na kabla ya kiamshakinywa siku ambazo anawahi. Kadi ilieleza vizuri kabisa nini cha kufanya na namba, ila haikuwa na hata mstari mmoja juu ya namna ya kuipata namba yenyewe. Katika maswali 34 ya hojaji yetu ya kwanza hapakuwa na swali hata moja ambalo lingeweza kuleta habari ya zulia.

Katika kikao hichohicho msaidizi mmoja Mkambodia alituonyesha pengo lingine. Upande wa kijani wa kadi ulimwonya mgonjwa asitie chumvi mezani na asile supu ya makopo. Mgonjwa wake, bibi wa Kikambodia kama yeye, hatii chumvi mezani kabisa na supu ya kopo hajawahi kuifungua, na kwa hiyo kila siku alijibu kwa ukweli kwamba anafuata kadi. Lakini kila mlo wake una mchuzi wa samaki waliochachishwa, ambao una chumvi nyingi kuliko hiyo supu. Lowell ina mojawapo ya jamii kubwa zaidi za Wakambodia nchini Marekani, na sisi tulikuwa tumegawa kadi isiyoujua mlo wao. Toleo jipya la kadi lina mstari wa mizani (sakafu ngumu, asubuhi, baada ya kwenda msalani, kabla ya kula, kwa nguo za uzito uleule) na lina picha za viungo vinavyopatikana katika majiko ya Lowell, ukiwamo mchuzi huo na vile vidonge vya kutilia ladha ambavyo sisi wenyewe tunavitia katika sukuma na mchuzi wa nyama.

Kikao nakipa nyota tano, kwa masharti. Kisizidi watu wanane, kwa maana wakizidi hapo, watakaozungumza ni wawili tu. Asiwepo anayepanga zamu za waliokaa hapo. Anayeandika asiwe yuleyule anayeuliza. Na asiyependa kusema mbele ya wenzake apewe njia nyingine. Kwetu watu wawili walinifuata baadaye, mmoja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao ulikuwa na thamani kuliko nusu saa ya kikao, ingawa ilinibidi nimkumbushe asitaje jina la mgonjwa wala mtaa wake humo, kwa kuwa siri ya mgonjwa haiachwi kwa sababu ya nia njema.

Njia ya tatu ni kiti cha abiria. Unamwomba mhudumu ruhusa, unawapigia simu wagonjwa wake kuwaomba ruhusa pia, kisha unapanda gari lake asubuhi na kushuka jioni. Nimefanya hivyo mara sita. Ni njia ya gharama, kwani siku nzima ya muuguzi wa ubora inakwenda kwa kumtazama mtu mmoja, na ni kweli kwamba mtu anayetazamwa hufanya mambo kwa uangalifu zaidi kuliko siku nyingine. Lakini kufikia mgonjwa wa tatu njaa na foleni za magari huwa zimekwisha kumsahaulisha kwamba uko.

Hapo ndipo nilipoelewa lile jibu la SBAR, la kukubalika juu na kuwezekana chini. Muuguzi niliyefuatana naye alikuwa ameegesha gari mbele ya nyumba, injini ikiwaka kwa ajili ya joto, fomu imejazwa sawasawa juu ya usukani. Akapiga simu kliniki. Aliyepokea alikuwa karani wa mapokezi, si daktari. Muuguzi akaanza kusoma hali, akafika katikati ya historia, karani akamkatiza kwa adabu: "Samahani, nina nafasi ya mistari miwili tu, unahitaji nini?" SBAR ilitungwa kwa ajili ya wataalamu wawili wanaozungumza ana kwa ana au kwa simu, lakini kati ya muuguzi wa nyumbani na daktari husimama karani, sanduku la ujumbe na mashine ya faksi. Muuguzi huyo alikuwa amegundua ufumbuzi mwenyewe muda mrefu: alianza na pendekezo, "Naomba daktari aangalie dozi ya dawa ya kutoa maji mwilini leo kabla ya saa kumi," kisha akatuma mengine kwa faksi. Wenzake wanne, nilipowauliza, walikuwa wakifanya hivyohivyo, kila mmoja akidhani anavunja utaratibu peke yake. Sasa fomu yetu ina kisanduku cha pendekezo juu kabisa.

Kiti cha abiria kilinionyesha pia jinsi MAHC-10 inavyojazwa. Mgonjwa wetu wa kawaida ana zaidi ya miaka 65, ana magonjwa matatu au zaidi, na anatumia dawa nne au zaidi; hizo ni alama tatu kabla hujamwuliza kama anaona vizuri, kama anasikia maumivu au kama aliwahi kuanguka. Karibu kila mtu hufikisha 4. Muuguzi mmoja aliniambia, huku akiijaza, kwamba fomu humwambia wote wako hatarini, jambo analolijua, lakini haimwambii ni nani wa kumrudia kesho. Kinachomwambia hilo ni kumtazama mgonjwa akiinuka kitini, akitembea mita 3, akigeuka, akirudi na kuketi, saa mkononi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, muuguzi hupanga ziara ya mtaalamu wa viungo. Hatukuiondoa MAHC-10, kwa maana orodha yake humkumbusha mtu mambo ambayo angeyapita, ila tumeacha kuitumia kupanga nani atangulie.

Kiti cha abiria nakipa nyota nne. Kingepata tano kama kampuni nyingi zingeweza kukimudu.

Liko jambo moja ambalo halimo katika njia yoyote kati ya hizo tatu na ambalo lisipofanyika zote hufa: kurudisha jibu. Baada ya ile hojaji ya Desemba, miezi minne ilipita bila wafanyakazi kusikia neno. Nilipoanza vikao nilikuta watu wamekwisha kuamua kwamba kuulizwa ni desturi ya ofisi kama kubadilisha kalenda. Sasa tunatoa karatasi moja kila baada ya miezi mitatu, yenye sehemu tatu: mliyosema, tuliyofanya, na tusiyoweza pamoja na sababu yake. Sehemu ya tatu ndiyo inayosomwa kuliko zote. Wauguzi wengi walilalamikia urefu wa OASIS, na wana haki ya kulalamika, kwa maana mgonjwa aliyetoka hospitali jana huchoka kabla ya maswali kwisha. Lakini maswali ya OASIS ni ya serikali, kampuni haiwezi kupunguza hata moja, na kuwaficha watu hilo ili waendelee kutumaini ni kuwavunjia heshima. Tuliwaandikia hivyo. Tukawaandikia pia tulichoweza: siku ya tathmini ya kwanza muuguzi hapangiwi zaidi ya wagonjwa wanne, na utaratibu huo umedumu mpaka leo.

Kwa msimamizi anayeanza na hana fedha, ningemshauri aanze na kikao kimoja cha Ijumaa kuhusu kifaa kimoja, si vyote, kisha SUS kwa kifaa hichohicho baada ya kukirekebisha, ili aone kama marekebisho yamesaidia. Kuipata SUS hakugharimu kitu, wala AIM na wenzake. Gharama yako itakuwa mishahara ya dakika 40 kwa watu wanane, mandazi, na uvumilivu wa kusikia kwamba kadi uliyoipamba kwa miezi mitatu haikujua kwamba watu wana mazulia.

Duru yetu ijayo ni ya Machi, baada ya theluji kupungua. Toleo la SUS la Kikhmer, lugha ya Wakambodia, linaandaliwa na wasaidizi wawili, la Kihispania na la Kireno yako tayari, na la Kiswahili ninalo mimi. Kauli ya nane nimeibadilisha mara tatu. "Kifaa hiki ni kigumu kukitumia" ilifanana mno na kauli nyingine, na "kina usumbufu" iliwafanya watu wafikirie kelele. Nilimpelekea yule dada wa Kisii karatasi alipokuja kuchukua glavu, akaisoma mara mbili, akaomba kalamu, akaandika pembeni: "Kifaa hiki kinanikwaza nikiwa kazini." Ndivyo itakavyochapwa.